Vipande vya Kikwembe Juu ya Mteremko

Nyumba nitakayoisimulia haipo tena, kwa hiyo mtu asije Bunia kuniomba nimwonyeshe. Ilikuwa mtaa wa Saio, nyuma kabisa, pale ambapo wenye pikipiki wanakataa kuendelea na abiria anashuka, anavua viatu, anamalizia kwa miguu. Baba yangu aliijenga kwa matofali aliyoyapiga na kuyachoma mwenyewe, kwa mbao za Mambasa, na kwa mabati mazito ya zamani ambayo siku hizi hayauzwi popote. Humo nilizaliwa, humo nilitoka kwenda kuolewa, na mume wangu alipokufa nikarudi humo na masanduku yangu mawili. Baba alikuwa ameshakwenda kwa Mungu, na wadogo zangu wako Kisangani, hawana haja na Saio. Nyumba ikawa yangu na mimi nikawa wa nyumba. Sikuwa na kitu kingine duniani, naomba hilo lieleweke mapema.

Ninafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi. Kwa sababu hiyo avenyi yetu nzima, yaani barabara yetu ya mtaani, waliniita madame, hata wazee waliopita umri wa baba yangu, na nilipenda, sitadanganya. Ubaya wa kuitwa madame kila asubuhi ni kwamba mwishowe unaamini kweli unajua mambo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ya mihogo na lenga-lenga, mchicha wetu, nyuma ya bustani korongo, na ng'ambo ya korongo ulipanda mteremko mrefu wa familia moja ya wafugaji wa tangu zamani. Nilipokuwa mtoto lile korongo lilikuwa mfereji tu. Tuliuruka huku na huku tukichekana, na aliyetumbukia alitoka na magoti mekundu, basi. Mteremko ulikuwa na ng'ombe chini na mikalitusi juu. Kisha vita vikala ng'ombe. Kisha watu wa vilimani wakamiminika mjini, mji mzima ukataka makala, yaani makaa ya kupikia, na fito, na mikalitusi ikaenda yote, mpaka visiki vikachimbuliwa. Sinyooshei mtu kidole. Sombe yangu, kisamvu changu, nayo iliiva kwa makala hayo hayo.

Na mvua, sijui ilirogwa na nani. Zamani mvua yetu ilikuwa na adabu: ilianza Machi, ikapumzika kidogo katikati ya mwaka, ikarudi, ikaaga mwishoni mwa Novemba, na mtu alipanda maharagi bila kuuliza mtu. Siku hizi inanyamaza wiki tatu mpaka mahindi yanajikunja, halafu alasiri moja inamwaga maji ya mwezi mzima. Maji hayo yalishuka juu ya ule mteremko mtupu kwa mbio, yakaingia korongoni, na kila mara yaliondoka na kipande cha bustani yangu. Nilikuwa napima kwa miguu. Kutoka mlango wa jikoni mpaka ukingoni zilikuwa hatua kumi na nne. Mwaka uliofuata kumi na moja. Mwaka uliofuata tena, nane, na shina la parachichi alilolipanda mama yangu likabaki limening'inia, mizizi nje. Jioni nilikaa jikoni nikitazama ule mti, nikajua kwamba nyumba ya baba inakuja kuliwa nami nikiwa ndani yake. Niliogopa sana.

Siye watu wa avenyi tulikuwa tumeshajaribu mara moja. Walikuja watu wa shirika fulani na gari, na miche, na kofia. Tulifanya salongo Jumamosi nzima, kazi ya pamoja, wake kwa waume, tukapanda kando ya korongo, tukapigwa picha. Ndani ya miezi miwili mbuzi walikula yote. Hakuna aliyemwagilia, kwa sababu kila mmoja alidhani jirani anamwagilia. Aka! Kofia ndizo zilizodumu.

Huyo aliyetufanya tuanze tena alikuwa mpangaji wangu. Nilikuwa na chumba kimoja uani, annexe, na mwaka ule nilimpa mama mmoja kutoka vilima vya Djugu, mkimbizi wa vita, mjane kama mimi, na binti zake wawili. Alinilipa kwa jembe, yaani alinilimia bustani nikiwa shuleni. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kucheka kwa kufunika mdomo, na alikuwa na kikwembe kimoja tu cha maana, kitenge cha kijani chenye picha za funguo za njano, alichokivaa Jumapili kanisani na Jumatatu shambani. Kijiji chake kilichomwa. Alinieleza mara moja tu, akipepeta maharagi, na sikumuuliza tena.

Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta amesimama ukingoni mwa korongo, mikono kiunoni, anautazama mteremko kama mtu anayetazama nguo iliyoshonwa vibaya.

"Madame," akasema, "shimo hii mutaijaza mpaka mwisho wa dunia. Ugonjwa haiko hapa. Iko kule juu."

Nikamuuliza utatibiwa vipi. Akachukua kijiti, akanichorea chini. Kwao Djugu walilima vilima vikali kuliko huo na udongo haukushuka. Walichimba vifereji vya kukata mteremko kwa upana, na juu ya kila kifereji wakapanda msitari wa matete, yale majani marefu ya ng'ombe. "Maji inafika kwa majani, inachoka, inaanza kutembea," alisema. "Maji ya kutembea haiuwi mutu." Mimi niliyefundisha somo la mmomonyoko miaka yote hiyo, na mchoro ubaoni, na maswali matano, sikuwahi kufikiri kupanda juu ya ule mteremko hata siku moja.

Tulikwenda wawili kwa mwenye mteremko. Alikuwa muzee sana, macho yamefunikwa na ukungu, anakaa mlangoni na blanketi magotini hata jua likiwaka. Baba yake ndiye aliyemuuzia baba yangu parseli yetu, kiwanja cha nyumba, kwa mbuzi, kwa mashahidi na kwa pombe ya mahindi. Karatasi ya shefu wa avenyi iliandikwa. Ile ya ofisi ya ardhi haikuandikwa kamwe, na baba alikufa akisema ataishughulikia. Muzee alijua hivyo na hakuwahi kunisumbua. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafuna tafuna kidogo, akasema: "Majani, pandeni. Majani haina maneno. Siku ngombe ikirudi, itakula."

Tukaanza na mvua ya Machi. Wanawake ishirini na kitu, nusu yao wenyeji wa Saio, nusu wapangaji waliokimbia vita, kila Jumamosi asubuhi. Mpangaji wangu alipanga misitari kwa kutumia vijiti viwili na kamba yenye jiwe, akapanda na kushuka ule mlima mchana kutwa, akituita wavivu, wanene, wanawake wa mjini. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Matete yakashika. Ikaja mvua moja kubwa mwezi wa nne, nikasimama jikoni na moyo mkononi, na asubuhi nilipopima zilikuwa hatua nane. Zile zile nane! Nilimkumbatia yule mama nikiwa na kanga ya kulalia, nikaimba wimbo wa Pasaka uani, na majirani wakachungulia kuona kama madame amepata wazimu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Furaha ilinilevya. Nilisema majani peke yake ni ya muda, tunahitaji miti, mizizi ya kwenda chini, ya kurudisha mvua kwenye adabu yake. Parokia walikuwa na kitalu cha grevilea, wakatupa miche arobaini bure. Na kwa sababu nilikumbuka aibu ya wale mbuzi na zile kofia, nikatoa ujanja wangu wa darasani. Kila mwaka wanafunzi wangu huotesha haragi kwenye kopo. Ukiwapa kopo moja la darasa zima, haragi linakufa. Ukimpa kila mtoto lake, na alama yake, wanamwagilia mpaka linazama. Basi nikawaambia wale mama: kila mmoja achukue miche yake, achane kipande cha kikwembe chake, akifunge kwenye kijiti kando ya mche, tujue kila mti mama yake ni nani.

Wote walipenda. Mpangaji wangu peke yake alibaki ameshika mche mkononi.

"Madame, miye iko mupangaji," alisema polepole. "Mupangaji hawezi panda muti."

Nilijua alichosema. Hakuna mtu wa Ituri, jimbo letu, asiyejua. Mpangaji apande maharagi, apande viazi, hata muhogo, kwa sababu hivyo vinang'olewa naye ataondoka navyo tumboni. Mti haung'olewi. Anayepanda mti amesema: hapa ni pangu, na watoto wangu watasimama kwenye kivuli hiki wakiuonyesha mti kuwa shahidi. Kesi ngapi zimeamuliwa hapa kwetu kwa kuhesabu miti? Hata ndizi zimeleta mapanga. Nilizaliwa ndani ya desturi hiyo, niliinyonya na maziwa. Lakini nilikuwa madame.

"Muti hii ni ya mvua," nilimwambia, na nikacheka. "Haiko ya mutu."

"Muzee alisema majani."

"Nitamwambia muzee. Jumapili nitapita."

Akachana kipande kwenye pindo la kikwembe chake, taratibu, asiharibu zile funguo, akakifunga. Jumapili ile kulikuwa na ubatizo. Jumapili iliyofuata nilisahihisha mitihani. Haraka haraka haina baraka, wanasema, nami niliharakisha kupanda nikachelewa kusema. Mwezi wa sita tukasikia kilio cha msiba kutoka nyumbani kwa muzee, na nilipokwenda kukaa matangani nilimkuta amelala na pamba puani, hawezi kuambiwa kitu tena na mtu yeyote.

Kwetu msiba ukiisha, kabla wageni hawajatawanyika, warithi wanatembea mipaka. Baba mdogo au babu wa ukoo anatangulia, wanaume wanafuata, wanagusa kila jiwe na kila mti wa mpaka ili hakuna atakayesema kesho kwamba hakuona. Mtoto mkubwa wa muzee alikuwa amerudi kutoka Kilo, anakochimba dhahabu. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kuvua kofia akikusalimia. Walipanda mteremko wa baba yao siku ya tatu baada ya kuzika, na wakakuta miti arobaini, na kando ya kila mti kijiti, na kwenye kila kijiti kipande cha nguo ya mwanamke. Na katikati ya miti, misitari mirefu ya majani iliyonyooka kabisa, kama ya watu waliokuja kugawana shamba.

Niliwaona kutoka jikoni. Niliwaona wamesimama.

Tuliitwa kesho yake kwa shefu wa avenyi, chini ya turubai lake, siye wanawake wote. Yule mtoto wa muzee alikuwa ameving'oa vile vipande, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mama zangu," alisema, "siye wote tuliona vita. Vita yetu ilianza na maneno ya udongo. Baba yangu hana siku kumi mu kaburi, na miye nakuta watu wameshapima kilima yake. Niambieni tu. Nani alisema mupande?"

Turubai lilipiga piga na upepo. Shefu akashika kipande cha kijani, akakiinua, akatazama huku na huku, na hakuhitaji kutafuta mbali. Wengine walikuwa na vikwembe vingine vya kubadili siku hiyo. Yeye alikuwa amesimama pembeni kabisa amevaa zile funguo zake za njano, na pindo limechanwa.

"Kikwembe hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulitoka wapi?"

"Djugu."

Nilisikia pumzi ya watu ikibadilika. Wazo walilokuwa nalo lilipata miguu: wakimbizi wamekuja, sasa wanapanda miti. Shefu akamuuliza tena, nani alikutuma. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Maneno yalikuwa mafupi: ni mimi, ni madame, ni ujanja wa haragi kwenye kopo. Lakini nilimtazama yule mtoto wa muzee nikaona mtu aliyekuja na babu zake kutembea mipaka. Nikaiona parseli yangu isiyo na karatasi ya ofisi. Nikasikia swali lake la pili kabla hajaliuliza: na weye madame, nyumba yako imesimama juu ya udongo ya nani? Nikaiona nyumba ya baba. Mdomo wangu unaofokea watoto hamsini kila siku ya Mungu ukajifunga, na ukakaa umefungwa.

Yeye hakunitazama hata mara moja. Hilo nalisema wazi kwa sababu watu wanaosikia habari hii wanapenda kudhani alinitazama. Alitazama meza.

"Hakuna mutu alinituma," alisema. "Ni miye. Kwetu tunapandaka hivi."

Ilikwisha haraka. Maneno ya namna hii yanaisha haraka yakipata mtu mmoja wa kuyabeba. Wenyeji tuliambiwa tusirudie. Wapangaji wengine walionywa. Yeye aliambiwa atoke Saio kabla ya Jumapili, kwa usalama wake mwenyewe, na kweli shefu alisema hivyo kwa huruma, kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa wameanza kupita mbele ya uzio wangu wakiongea kwa sauti.

Nilimkuta anafagia annexe. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Nikaanza: "Mama, mimi..." Akasema hapana, madame, usichoke. Alikuwa amekunja mikeka, binti zake wamekaa juu ya mizigo. Nililia mimi, yeye hakulia, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Akanishika mkono akaniambia jambo moja tu, lile lile la tangu mwanzo.

"Muti, waache wakate. Lakini enda uwaombe majani. Waambie majani haina maneno, muzee mwenyewe alisema. Wasiguse majani."

Nilimwahidi. Nikajiambia nitakwenda kesho baada ya darasa, nikiwa nimetulia, nikiwa nimevaa vizuri. Nilipotoka shuleni kesho yake wanaume watano walikuwa wameshafika nusu ya mteremko na majembe. Walikuwa wanachimba kila kitu. Mti, majani, vifereji, vyote, kwa sababu kwa macho yao yale majani ndiyo yaliyokuwa mpaka wenyewe. Walichimba vizuri sana, wakatingisha mizizi, wakaacha udongo umelainika kama wa kupandia karanga. Mmoja aliniona ukingoni akanisalimia, "Jambo madame," nikaitikia. Niliitikia! Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango wa jikoni, ingawa ilikuwa saa tisa na joto.

Mwezi wa tisa nilifunga kilo tano za unga wa muhogo na samaki wa chumvi, nikaenda kambi ya wakimbizi alikohamia yule mama, upande ule mwingine wa mji. Nilimtafuta kati ya maturubai asubuhi nzima. Alikuwa amekonda, na binti mdogo alikuwa anakohoa, lakini alifurahi kuniona, jamani, alifurahi kweli kweli. Alinikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akawaita jirani zake akawaambia huyu ni madame, nilikaa kwake, ni mutu wa roho nzuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akauliza habari za shule. Akauliza kama goti langu bado linauma. Halafu akaegemea karibu, akafunika mdomo kwa ile tabia yake, macho yakawa ya mtu anayesubiri zawadi.

"Na majani? Ilishika?"

Nilikuwa na nafasi ya pili. Mungu alinipa, siwezi kusema hakunipa.

"Ilishika," nilisema.

"Eeh, nilijua!" Akapiga makofi. "Basi nyumba yako iko salama." Akaanza kunieleza namna ya kuyakata, nisiyaache yapite kiuno, nimpe mwenye ng'ombe, nipande mapya mahali palipokufa. Nilitikisa kichwa nikisema ndiyo, ndiyo. Alieleza kwa muda mrefu. Nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia vita ikiisha atakuja aone.

Sikurudi tena. Baadaye niliambiwa kwamba baadhi ya watu wa kambi walijaribu kurudi kwao vilimani, vita ikiendelea, kuvuna muhogo uliobaki, yeye akiwemo. Sijui zaidi ya hapo. Niliuliza watu wawili, nikaacha kuuliza, na sijivunii kuacha.

Mvua ya mwezi wa kumi haikuwa kubwa kuliko ile ya mwezi wa nne. Nataka kusema hivyo kwa sababu nilikuwepo kwa zote mbili. Ilianza saa saba mchana nikiwa nasahihisha madaftari. Udongo wote uliochimbuliwa ulishuka pamoja na maji, mzito, wa rangi ya matofali, ukijaza korongo na kulipanua kwa wakati mmoja. Parachichi la mama lilikwenda bila kelele. Hatua nane zikawa tano, nikazihesabu dirishani kwa macho. Tano zikawa mbili. Mvua ilipokatika, saa kumi na moja, ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko, na upande wa pili wa ufa niliona hewa.

Shefu alikuja, akatazama, akasema madame, toa mabati kabla nyumba haijaanguka nayo. Ndivyo tunavyofanya hapa, mtu anavunja nyumba yake mwenyewe ili korongo lisile vyote. Asubuhi avenyi nzima walikuwa uani kwangu. Wale wale waliokaa kimya na mimi chini ya turubai, wakabeba meza zangu, vitanda, ubao, vyungu, wakanipikia na chai. Walifanya kazi vizuri na kwa upendo. Siwezi kusema vingine.

Mtoto wa muzee alikuja pia, na ngazi begani. Alikuwa hajarudi Kilo bado. Alivua kofia akanisalimia, akapanda juu ya paa la baba yangu, akang'oa misumari mmoja mmoja kwa uangalifu ili mabati yasitoboke zaidi, akayashusha kwangu kwa mikono miwili. Mara moja tu, akiwa juu, aligeuka akautazama mteremko wake. Kutoka pale unaonekana wote, mtupu, umekwaruzwa kutoka juu mpaka chini. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akashuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akasimama mbele yangu.

"Pole sana, madame," alisema. "Ni mvua. Mvua ya siku hizi haiko na huruma."

Alikuwa ananitazama usoni, na nikaelewa kwamba ananiomba nikubali. Wanawake walikuwa wamesimama karibu na mizigo, nao wananisubiri.

"Ndiyo," nilimwambia. "Ni mvua." Na nikamshukuru kwa kunishushia mabati.